Dalili si Hukumu: Uhakiki wa Istilahi za Jicho na Maradhi ya Ubongo

Miongoni mwa kazi zilizoletwa mezani kwa mwandishi wa makala haya ili zikaguliwe lugha, ilikuwamo rasimu ya kijitabu kimoja kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wauguzi, matabibu na maofisa wa ustawi wa jamii. Kijitabu chenyewe chaeleza mabadiliko yanayoonekana katika jicho la mtu ambaye ubongo wake umeanza kushikwa na maradhi yale yanayoua seli za neva polepole, kama vile ugonjwa wa Alzheimer na ugonjwa wa Parkinson. Mada ni njema, na mfasiri hakuwa mvivu. Hata hivyo baada ya kuisoma rasimu hiyo mara tatu nimeona kuwa makosa yake si ya kusahihishwa kwa kalamu nyekundu pembezoni mwa ukurasa. Ni makosa yanayotuhusu sote tunaofasiri, tunaofundisha na tunaoandika nyaraka za serikali, na kwa sababu hiyo nimeona yafaa yajadiliwe hadharani.

Sitamtaja mfasiri wala ofisi iliyomwagiza, maana shabaha yangu si kumwaibisha mtu. Nitachukua istilahi chache tu, zile ambazo kosa lake laweza kumdhuru msomaji au, vibaya zaidi, kumdhuru mtu asiyejua hata kusoma.

1. Kwanza tujue kitu chenyewe

Wazee wetu wa fani hii walitufundisha kuwa istilahi haifasiri neno, hufasiri dhana. Mfasiri wa rasimu hii alifasiri neno. Ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga ameiita “ngozi ya nyuma ya jicho” katika ukurasa wa kwanza, “kioo cha jicho” katika ukurasa wa nne, na “utando wa kuonea” mbele kidogo. Msomaji atadhani kuwa jicho lina sehemu tatu ambazo hakupata kuzisikia.

Lau angalijua kitu chenyewe asingaliandika “ngozi”. Sehemu hiyo, ambayo wataalamu wetu wengi wamekwisha zoea kuiita retina, si ngozi hata kidogo. Mtoto anapoumbika tumboni mwa mama yake, retina huchipuka kutoka katika ubongo wenyewe, kama tawi litokavyo katika shina. Unene wake haufiki hata nusu milimita, lakini ndani yake mna matabaka ya seli za neva zilizopangika vizuri, na kutoka humo nyuzi zipatazo milioni 1 hukusanyika kuwa neva moja iendayo ubongoni. Kwa hiyo mtu anayetazama retina anatazama kipande cha ubongo kilichojitokeza nje ya fuvu, na ndicho kipande pekee cha mfumo huo ambacho mganga aweza kukiona moja kwa moja bila kupasua. Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipotangaza mwaka 1851 chombo chake cha kutazamia ndani ya jicho, ndipo dirisha hilo lilipofunguliwa. Mwaka 1991 ikatangazwa mashine inayopima kwa mwanga unene wa kila tabaka la retina, kwa vipimo vidogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita moja.

Hayo ndiyo maelezo yanayokipa kijitabu hiki maana. Ukiandika “ngozi”, umeukata uhusiano wa jicho na ubongo katika sentensi ya kwanza, na kurasa zote zinazofuata zabaki kuelea. Pendekezo langu ni retina, na iwe retina mwanzo hadi mwisho. Najua wako watakaonung'unika kuwa hilo ni neno la kigeni. Utaratibu wetu wa kutafuta istilahi kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, na baadaye katika lugha nyingine, ni utaratibu mwema nami naufuata. Lakini utaratibu huo hautuambii tuchukue neno la kwanza lililo karibu na mkono. Watwambia tutafute, na tukikosa, tukope bila kuona haya.

Kwa upande wa pili, namsifu mfasiri kwa kutoikopa istilahi ya kile kitundu cheusi kinachopitisha mwanga. Amekiita mboni, na ameandika kuwa mboni husinyaa kwenye mwanga na hutanuka gizani. Hapo lugha imesimama kwa miguu yake. Nashauri tu kwamba katika vitabu vya tiba mboni iachiwe kitundu hicho peke yake, isitumiwe pia kwa jicho zima kama tufanyavyo katika mazungumzo tunapomwita mtoto mpenzi mboni ya jicho.

2. Mshipa upi?

Katika ukurasa wa sita mna sentensi hii: “Kwa wagonjwa hawa mshipa wa jicho huwa mwembamba.” Naliwauliza wauguzi wawili wanaelewa nini. Mmoja akasema kuwa ni mshipa wa damu. Wa pili akasema ni ule wa fahamu. Wote wawili walikuwa na haki, kwa maana mshipa kwa Kiswahili ni njia ya damu, ni kano, ni uzi wa fahamu, na huko pwani mtu akisema anaumwa mshipa tutafahamu kuwa ana maradhi mengine kabisa, tena ya chini ya kiuno.

Katika habari za tumbo au mguu utata huo waweza kuvumilika. Katika jicho hauvumiliki hata kidogo, kwa sababu uchunguzi umefanywa juu ya vyote viwili: kuna waliopima tabaka la nyuzi za neva wakaliona limekonda, na kuna waliopima njia za damu za retina wakaziona zimebadilika. Mfasiri anayeandika “mshipa” pasipo kusema zaidi amezifuta tafiti za namna mbili kwa neno moja. Hapana budi tukubaliane hapa: neva kwa uzi wa fahamu, mshipa kwa njia ya damu, na kano kwa kile kinachofunga nyama na mfupa. Neno neva limekwisha ingia shuleni, lina sauti za Kiswahili, nalo halimtishi mtu.

3. Kuoza, kuchakaa, kuzorota, kunyauka

Kundi zima la maradhi haya mfasiri ameliita “magonjwa ya kuoza kwa ubongo”. Nakiri kuwa neno hilo lilinishtua. Kitu kinachooza kina harufu, kina wadudu, tena huambukiza kilicho jirani nacho. Samaki mmoja akioza, twasema, wote wameoza. Nani atakayekubali kumlisha au kumwogesha mzazi aliyeambiwa na hospitali kuwa ubongo wake unaoza? Ugonjwa wa Alzheimer na ule wa Parkinson haumwambukizi mtu anayemlisha mgonjwa wala anayemwogesha. Neno hili linasema uongo juu ya mgonjwa, na uongo wenyewe una madhara.

Wengine wamependekeza kuchakaa. Nguo huchakaa, na mashine huchakaa. Ubaya wa neno hili ni kuwa linatufanya tuamini kwamba maradhi haya ndiyo mwisho wa kila aliyeishi sana, kama kiraka kilivyo mwisho wa kila shati. Sivyo. Wako wazee wa miaka 90 wenye kumbukumbu kali kuliko zetu, na wako walioshikwa na maradhi haya kabla ya miaka 60. Mwanamke ambaye daktari Alois Alzheimer alimweleza mbele ya mkutano wa waganga mwaka 1906 alikuwa na umri wa miaka 51 tu alipopokewa hospitalini.

Kuzorota ni neno la maofisini, na limekwisha anza kutumika. Kazi huzorota, biashara huzorota, hata timu ya mpira huzorota. Lakini kilichozorota kwa kawaida chaweza kuamshwa kwa kukazana, na ndugu wa mgonjwa atamhimiza mgonjwa wake akazane! Mgonjwa huyu hakulegea kwa hiari yake.

Mimi napendekeza kunyauka. Seli ya neva ina matawi na ina shina refu. Inapougua, hupoteza matawi kwanza, hukonda, kisha hufa, na jirani zake hufuata taratibu. Picha ya mmea iko pale pale bila kulazimishwa. Kunyauka hakuna harufu wala aibu, na mwenye kunyauka huhurumiwa. Msomaji mwerevu atasema kuwa mmea ulionyauka waweza kumwagiwa maji ukainuka. Ni kweli, na hapo neno langu lina upungufu. Ila naona upungufu huo ni mdogo kuliko ule wa kuoza. Basi tuseme magonjwa ya kunyauka kwa neva, mpaka atokee mwenye neno lililo bora.

4. Dalili, ishara na kidokezo

Nafika sasa kwenye kiini cha hoja yangu. Katika rasimu nzima neno dalili limetumika kwa kila kitu. Mgonjwa kuona ukungu ni dalili. Mboni kukataa kusinyaa ni dalili. Retina kukonda kwa kiasi ambacho ni mashine tu iwezayo kukiona nayo ni dalili. Ukurasa wa mwisho wahitimisha: “Ukiona dalili hizi kwa mzee, ujue ubongo wake umeshikwa.”

Neno dalili lilikuja kwetu kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya uthibitisho na ya kiongozi wa njia. Nasi tumelibakiza na nguvu zake hizo. Twasema dalili ya mvua ni mawingu, na mkulima aliyeyaona mawingu hushika jembe. Mtu wa kawaida akiambiwa kuwa jambo fulani ni dalili hangoji uthibitisho mwingine, kwa kuwa kwake dalili yenyewe ni nusu ya uthibitisho. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kulitumia ovyo.

Tuangalie mambo yenyewe. Mwaka 1869 Douglas Argyll Robertson, mganga wa macho wa Edinburgh, alieleza mboni ambazo husinyaa mtu anapotazama kitu cha karibu, lakini hazisinyai zinapoangazwa. Baadaye ikajulikana kuwa mboni za namna hiyo huenda pamoja na kaswende iliyoingia katika mfumo wa neva. Mwaka 1902 Bernhard Kayser, na mwaka 1903 Bruno Fleischer, waganga wa Ujerumani, walieleza pete yenye rangi ya hudhurungi inayoelekea kijani kandokando ya konea. Mwaka 1912 Samuel Alexander Kinnier Wilson, akiwa London, akaeleza ugonjwa wa kurithi unaoharibu ini na ubongo pamoja, na pete ile ikatambulikana kuwa ni shaba inayokusanyika mwilini kwa sababu ini limeshindwa kuitoa. Hii ni ishara yenye nguvu kweli kweli. Na ina heri ndani yake, kwa kuwa tangu mwaka 1956, John Walshe alipoeleza dawa ya kuiondoa shaba hiyo, kuiona pete mapema kumekuwa ni kumwokoa kijana.

Mwaka 1964 waganga watatu wa Toronto, Kanada, yaani Steele, Richardson na Olszewski, wakaeleza ugonjwa ambao mgonjwa wake hushindwa kupeleka macho juu na chini, hasa chini, hata akajikwaa ngazini na kutoiona sahani iliyo mbele yake. Hapo pia mganga aweza kuona kwa macho yake, bila mashine, jambo linalomwelekeza kwenye ugonjwa mmoja kuliko mingine.

Sasa linganisha na habari ya ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 1986 wachunguzi wa Marekani walitangaza kuwa wamezikuta neva za macho za watu waliokufa na ugonjwa huo zimepungukiwa na nyuzi. Mwaka 1994 jarida la Science likachapisha habari ya tone la dawa iliyozimuliwa sana, ambalo lilisemekana kuzitanua mboni za wagonjwa hao kuliko za wengine. Magazeti yakashangilia kuwa kipimo kimepatikana. Wengine waliporudia jaribio hilo hawakupata matokeo yale yale, na kipimo kikaachwa. Mwaka 2011 wako waliosema wameona katika retina za wagonjwa mabonge ya protini yale yale yaliyomo ubongoni. Wengine wakatafuta wasiyaone, na mabishano yangaliko. Na mwaka 2023 ukatolewa uchunguzi uliotumia picha za macho za wagonjwa wengi wa London, ukaonyesha kuwa matabaka fulani ya retina yalikuwa yamekonda kwa wastani wa miaka 7 kabla ya wagonjwa kuambiwa kuwa wana ugonjwa wa Parkinson.

Habari hii ya mwisho ni kubwa, na yastahili kufasiriwa kwa Kiswahili. Lakini neno wastani ndilo linalobeba uzito wote. Waliolinganishwa ni makundi ya watu. Tabaka la mtu mmoja aliye mzima laweza kuwa jembamba kuliko la mgonjwa, na glakoma, ambayo ni ya kawaida kuliko maradhi yote haya, nayo hulikondesha tabaka la neva. Wachunguzi wenyewe hawakusema kuwa waweza kumpiga mtu picha ya jicho wakamtabiria maisha yake. Aliyesema hivyo ni mfasiri wetu, kwa neno “ujue”.

Napendekeza basi tugawanye maana hizi katika daraja tatu:

(a) Dalili liwe ni lile ambalo mgonjwa mwenyewe hulihisi na kulieleza: kuona ukungu, kutotofautisha rangi zilizofifia, kushindwa kufuata mstari asomapo.

(b) Ishara liwe ni lile ambalo mganga hulikuta anapompima mgonjwa, awe mgonjwa amelihisi au hakulihisi: pete ya shaba, mboni isiyosinyaa, macho yasiyoshuka chini.

(c) Kidokezo liwe ni lile linaloonekana katika hesabu za watu wengi, ambalo lamdokeza mchunguzi wapi pa kutafuta, lakini halitoshi kumhukumu mtu mmoja. Kukonda kwa retina katika ugonjwa wa Parkinson na ule wa Alzheimer, kwa ujuzi tulio nao leo, ni kidokezo.

Maneno yote matatu tunayo. Hakuna hata moja linalohitaji kuundwa. Kazi yetu ni kuyawekea mipaka na kuiheshimu.

5. Macho yachezayo na macho yakodoayo

Kuna maneno mengine mawili yaliyonifanya nitabasamu kabla ya kusikitika. Jicho linaposoma haliteleziki juu ya mstari. Huruka kutoka neno hadi neno, likatua, likaruka tena. Katika ugonjwa ambao George Huntington wa Marekani aliueleza mwaka 1872, miruko hiyo huchelewa kuanza na hupungua kasi. Mfasiri ameandika kuwa “macho ya mgonjwa hayachezi vizuri”. Kwetu jicho likicheza, mtu hungoja mgeni au hungoja kilio. Na macho yasiyocheza ndiyo heri. Muuguzi atakayemwuliza mgonjwa kama macho yake yanacheza atapata majibu ya bahati na nuksi, asipate jibu la neva. Tuseme mruko wa jicho, wingi wake miruko, na jambo litakwisha.

La pili ni “kukodoa macho”. Mtu mzima hupepesa kwa kawaida mara 15 hadi 20 kwa dakika. Mwenye ugonjwa wa Parkinson hupepesa mara chache zaidi, na uso wake hupungukiwa na mwendo, hata akaonekana kama anakutazama bila kukoma. Lakini kukodoa ni kitendo cha hiari. Anayekodoa amestaajabu, au ameghadhibika, au hana adabu. Kumwambia mkwe kuwa dalili ya ugonjwa wa baba ni kukodoa macho ni kumwongezea mzee huyo kosa asilolitenda. Yatosha kusema kupepesa kwa nadra.

6. Pete na wekundu

Sasa nieleze kwa nini nimeandika kwa ukali kuliko ilivyo desturi ya kurasa hizi.

Rasimu yasema: “Pete katika jicho la mzee na kubadilika rangi ya macho ni dalili ya ugonjwa wa ubongo.” Sentensi hii ina makosa mawili. Kosa la kwanza ni la elimu. Pete ya shaba niliyoieleza hapo juu si ya wazee. Ugonjwa wake huanza kujionyesha hasa utotoni na ujanani, na mara nyingi pete yenyewe haionekani vizuri ila kwa chombo cha mganga wa macho. Wazee wengi wana pete nyingine, nyeupe au ya kijivujivu, iliyozunguka konea. Hiyo ni mafuta yaliyotua hapo kwa kadiri ya umri, haiharibu macho, wala haina uhusiano na maradhi haya. Mfasiri ameziunganisha pete mbili kwa kuwa hakuzipa majina mawili. Ziitwe pete ya shaba na pete ya uzeeni, na hatari itaondoka.

Kosa la pili halimo katika kitabu cha tiba. Limo katika historia yetu. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita na hata baada yake, vikongwe wengi, wengi wao wakiwa wanawake, waliuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu yalitajwa kuwa ushahidi. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi. Mwanamke anayepika miaka 50 kwa kuni, kwa mabua na kwa samadi iliyokauka, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, atakuwa na macho ya namna gani? Wengine walikuwa na vikope, ugonjwa ambao huifanya kope kugeukia ndani na kulikwaruza jicho. Hakuna hata moja kati ya maradhi ya kunyauka kwa neva linalotambuliwa kwa wekundu wa macho. Kupepesa kwa nadra kwaweza kulikausha jicho na kuliwasha, lakini wekundu wa namna hiyo hauonyeshi ugonjwa wo wote wa ubongo.

Nilipokuwa likizoni katika kijiji kimoja cha Usukumani nilichukua nakala ya rasimu, nikawasomea akina mama wanne watu wazima ukurasa ule, kama tufanyavyo tunapotaka kujua istilahi inasikikaje masikioni mwa wenye lugha. Watatu hawakusema neno. Wa nne, ambaye macho yake yalikuwa mekundu, aliniuliza polepole: “Mwanangu, maneno haya zamani tuliyasikia kwa waganga wa ramli. Sasa mmeyaandika kitabuni?” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekwenda kupima istilahi, nikajikuta mimi ndiye ninayepimwa.

Mfasiri hakukusudia hilo. Yumkini alikuwa mezani kwake mjini, akitafsiri kwa taa ya umeme kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu ambao mabadiliko ya jicho hayajapata kuwa mashtaka juu yao. Lakini neno likihama nchi halihami na wasomaji wake. Hukuta wengine, wenye kumbukumbu zao. Mahali ambapo jicho la mzee limepata kusomwa kama hati ya hukumu, mfasiri anawajibika kusema kwa maneno yasiyo na shaka lipi ni ishara, lipi ni kidokezo, na lipi ni moshi tu.

7. Jina la ugonjwa

Sitakawia hapa. “Wazimu wa uzeeni”, ambalo ndilo jina lililotumika katika rasimu kwa hali ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, lisitumike. Wazimu kwetu ni kuvua nguo sokoni, tena mara nyingi hudhaniwa kuwa umetumwa na mtu. “Usahaulifu” ni hafifu mno. Kila mtu husahau ufunguo. Naona dimensia likopwe kwa vitabu vya wataalamu, na kwa umma iandikwe maradhi ya kupotewa na kumbukumbu. Vile vile “ugonjwa wa kutetemeka” lisichukue mahali pa ugonjwa wa Parkinson. Ni kweli kwamba James Parkinson mwenyewe aliuita hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1817, lakini wako wagonjwa wasiotetemeka, nao wataambiwa kuwa ni wazima.

8. Hitimisho

Lawama yote isimwangukie mfasiri. Sisi watunga istilahi tuna sehemu yetu, tena kubwa. Tumezoea kutoa orodha zenye safu mbili, neno la kigeni kushoto na la Kiswahili kulia, pasipo fasili wala mfano wa matumizi. Mfasiri akifungua orodha ya namna hiyo akakuta dalili mbele ya maneno matatu tofauti, atafanya nini ila kuandika dalili? Orodha zetu za tiba zinahitaji safu ya tatu, ya fasili, na ya nne, ya maonyo: neno hili lisichanganywe na lile, na neno hili lisitumiwe mbele ya umma.

Kwa muhtasari, maneno ninayoyaweka mbele ya wasomaji ni haya: retina; mboni kwa kitundu peke yake; neva, mshipa na kano, kila moja kwa maana yake; kunyauka kwa neva; dalili, ishara na kidokezo kwa daraja zake tatu; mruko wa jicho; kupepesa kwa nadra; pete ya shaba na pete ya uzeeni; na dimensia. Sidai kuwa yote yatapita. Neno kunyauka, hasa, nalitoa nikijua litapingwa, na nitafurahi akitokea mkulima au mwuguzi wa kunionyesha lililo bora. Ila lile la “ujue ubongo wake umeshikwa” nimelifuta kwa mkono wangu mwenyewe, na mahali pake nimeandika: “Mpeleke kwa mganga wa macho.” Walimu, wafasiri na watumishi wa afya wanaombwa watuandikie maoni yao kabla rasimu ya pili haijapelekwa mtamboni.